Salme binti Said: urithi uliokwama mipakani

Wengi wetu katika fakulte hii tunamjua Salme binti Said kama mwandishi. Alizaliwa Unguja, akafia Ujerumani, na mwaka 1886 alichapisha kwa Kijerumani kitabu cha maisha yake ambacho kimetafsiriwa katika lugha nyingi. Tunamtaja tunapozungumza juu ya wanawake wa pwani waliotangulia kuandika, kisha tunapita kwa mwandishi mwingine. Katika makala hii nataka kumsoma kwa upande ambao darasani hatuugusi. Nitamsoma kama mrithi, yaani mtu aliyekuwa na haki ya mali katika nchi moja, akaishi katika nchi ya pili, akaomba msaada katika nchi ya tatu, na kila alipofika akaambiwa kwamba jambo lake si la hapo.

Sababu ya kumchagua iko karibu nasi. Sisi wa Butembo na Beni tunaishi kwa kuvuka mipaka. Njia ya Kasindi inatufikisha Kampala, na kutoka hapo wafanyabiashara wetu wamefika Dubai na Guangzhou. Mzee mmoja anaweza kuwa na nyumba Butembo, shamba upande wa Beni, chumba cha bidhaa Kampala na mtoto anayeishi Ubelgiji. Siku anapofariki ndipo watoto wanatambua kwamba bidhaa zilivuka mpaka kwa urahisi kuliko haki yao. Maisha ya Salme yanaonyesha jambo hilo kwa uwazi ambao sijaukuta katika kitabu chochote cha sheria.

Nyumba ya Seyyid Said

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake, Seyyid Said bin Sultan, alitawala Oman pamoja na pwani ya Afrika Mashariki, na alikuwa amehamishia makao yake Unguja kwa ajili ya biashara na karafuu. Mama yake, Jilfidan, alitoka kwa Wacherkasi wa milima ya Kaukazi. Aliuzwa akiwa mtoto, akaingia jumbani, akawa suria wa Sultani. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria aliyetambuliwa na baba yake ni mtoto kamili, na mbele ya urithi hapungukiwi kitu. Kwa hiyo Salme alihesabiwa binti wa Seyyid Said sawa na mabinti wengine wote.

Ni lazima tuseme pia mali hiyo ilitoka wapi. Mashamba ya karafuu yalilimwa na watumwa, na biashara ya Unguja iliingia bara mpaka ikafika huku kwetu mashariki ya Kongo. Katika misafara hiyo Kiswahili kilikuja, na katika misafara hiyohiyo watu wa Manyema walipelekwa pwani kwa nguvu. Salme mwenyewe, hata baada ya kukaa Ulaya miaka mingi, aliutetea utumwa katika kitabu chake. Anayemhurumia kwa urithi alioukosa asisahau kwamba wapo wengine ambao jasho lao liliujenga urithi huo, na hakuna karatasi iliyowataja kwa chochote isipokuwa kama mali.

Wasichana wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani. Kuandika hawakufundishwa. Salme alijifunza mwenyewe kwa siri, akinakili herufi kwenye mfupa wa bega la ngamia, ambao wakati ule ulitumika kama ubao. Ujuzi huo ulimpa nguvu ambayo dada zake wengi hawakuwa nayo. Baadaye ulimletea pia hasara yake kubwa ya kwanza.

Kifo baharini

Mwaka uleule aliozaliwa Salme, Seyyid Said aliiandikia serikali ya Uingereza kuhusu watakaomfuata: Khalid ashike upande wa Afrika, na Thuwaini ashike Oman. Lakini Khalid alifariki mwaka 1854, baba yake akiwa bado hai. Majid akachukua nafasi yake kama liwali wa Unguja, bila kuwepo maandishi mapya ambayo ndugu wote wangeyakubali kama neno la mwisho la mzee. Tarehe 19 Oktoba 1856, Seyyid Said akirudi kutoka Maskati, alifariki ndani ya meli yake karibu na visiwa vya Shelisheli. Mwanawe Barghash alikuwa naye safarini, akajaribu kukiwahi kiti kabla mji haujapata habari, lakini hakufaulu.

Hapo palizuka maswali mawili ambayo watu wengi huyachanganya. La kwanza lilikuwa la mali ya marehemu: mashamba, nyumba, fedha. Hilo lilikuwa na jibu, kwa sababu sheria ya Kiislamu ina mafungu yake. Mwana hupata mara mbili ya binti, wajane wana fungu lao, na wosia hauwezi kupita theluthi moja ya mali wala kumwongezea mrithi mmoja bila ridhaa ya wenzake. Kwa hesabu ya Salme, watoto waliokuwa hai walikuwa 36, wavulana 18 na wasichana 18. Yeye alikuwa na umri wa miaka 12 tu, lakini alitangazwa kuwa mtu mzima akapewa fungu lake: shamba na fedha. Katika sehemu hii hakuna aliyehitaji jaji wa kigeni.

Swali la pili lilikuwa la kiti. Je, utawala ni mali ya kugawanywa kama mashamba, au ni amana isiyogawanyika? Thuwaini, mkubwa, alikuwa Maskati. Majid, mdogo, alikuwa Unguja, na Unguja ndiyo iliyokuwa na fedha. Wakapatana kwamba Majid atume Maskati reali 40,000 kila mwaka. Lakini hawakuafikiana jina la fedha hizo. Thuwaini aliziona kama kodi ambayo nchi ndogo inailipa nchi kubwa. Majid hakukubali kwamba analipa kodi kwa ndugu yake. Malipo yakakatika, Thuwaini akaandaa merikebu za vita, Waingereza wakamzuia njiani. Mwisho shauri likafika mbele ya Lord Canning, aliyetawala India kwa niaba ya Uingereza. Tarehe 2 Aprili 1861 aliamua kwamba Unguja na Oman ni nchi mbili, na kwamba Unguja itaendelea kulipa reali 40,000 kwa mwaka. Kisha akaeleza maana ya malipo: si dalili ya utumwa wa nchi moja kwa nyingine, bali ni fidia kwa sababu fungu moja la urithi lilikuwa na utajiri kuliko jingine.

Kwa mwanafunzi wa lugha, uamuzi huo ni somo zito. Kiasi cha fedha hakikubadilika. Kilichobadilika ni neno moja, na kwa neno hilo dola moja ikawa mbili. Neno lenyewe liliwekwa na mgeni, kwa Kiingereza, kwa sababu mwenye mali hakuliweka wazi alipokuwa hai.

Binti aliyejua kuandika

Mwaka 1859 Salme alifiwa na mama yake kwa kipindupindu. Mwaka huohuo Barghash alipanga kumpindua Majid, na dada yake mpenzi, Khole, alimwingiza Salme katika mpango huo. Alikuwa na umri wa miaka 15 na alijua kuandika, basi akawa karani wa waasi. Barua za siri zilipita mikononi mwake. Uasi ulivunjwa kwa msaada wa Waingereza, Barghash akapelekwa Bombay. Majid hakumwadhibu dada yake mdogo, na baadaye wawili hao walipatana. Salme alipokubali ombi la Majid la kuiachia nyumba yake ya Bububu kwa ajili ya konseli wa Uingereza, Khole na Barghash waliona amewasaliti. Kwa hiyo, kabla hajaondoka Unguja, ndugu ambaye siku moja angekuwa Sultani alikuwa tayari ana kinyongo naye.

Kisha akafahamiana na jirani yake, Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kijana kutoka Hamburg. Alipopata mimba hatari ilikuwa kubwa kwa wote wawili. Mwezi wa Agosti 1866, watu walipokuwa wakishuka pwani kuoga katika sherehe za Mwaka, aliingia katika manowari ya Kiingereza Highflyer, ikampeleka Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily, na siku hiyohiyo akafunga ndoa na Ruete. Mtoto yule alifariki wakiwa safarini kwenda Ujerumani.

Tutazame siku ile ya Aden kwa jicho la mrithi. Fungu alilopata kwa baba yake mwaka 1856 lilikuwa lake tayari. Alilipokea akiwa Mwislamu, na hakuna aliyelipinga. Lakini katika fikihi, Mwislamu na asiye Mwislamu hawarithiani. Kuanzia siku hiyo, kila ndugu ambaye angefariki Unguja alikuwa akifa bila kumwachia Salme kitu. Majid alifariki mwaka 1870, Khole mwaka 1875. Katika familia ya watoto 36, ambapo wengi walikufa wakiwa na mashamba na bila watoto wengi, urithi wa ndugu ulikuwa mlango mkubwa wa mali. Mlango huo ulifungwa kwa ubatizo mmoja. Sisemi alikosea kubatizwa. Nasema kwamba cheti kilichomfanya mke halali kwa sheria ya Hamburg ndicho kilichomtoa katika orodha ya warithi Unguja.

Mjane wa Hamburg

Hamburg alizaa watoto watatu: Antonie mwaka 1868, Rudolph Said mwaka 1869, Rosalie mwaka 1870. Alipofika hakujua Kijerumani. Nyumbani yeye na mumewe walizungumza Kiswahili, na nje mumewe ndiye aliyekuwa mdomo wake. Tarehe 6 Agosti 1870 Ruete alifariki kwa ajali ya tramu ya farasi. Salme alikuwa hajatimiza miaka 26, na mtoto wake wa mwisho alikuwa na miezi michache.

Sheria ya mji ule haikumwachia mjane kusimamia peke yake mali ya watoto wake. Wanaume waliwekwa kuwa walezi na wasimamizi. Fikirini hali yake. Unguja alikuwa ametangazwa mtu mzima akiwa na miaka 12, akamiliki mashamba na kuyaendesha mwenyewe. Huku Ulaya, mama wa watoto watatu, alihitaji sahihi ya mwanaume kwa karatasi alizozisoma kwa shida. Sehemu kubwa ya mali yake ilipotea Hamburg, na yeye mwenyewe aliona kwamba udanganyifu wa wengine ulichangia. Alihama mji huo wa gharama, akaishi Dresden, Rudolstadt, Berlin na kwingine, na ili kulea watoto akafundisha Kiarabu.

London, kisha Unguja

Mwaka 1875 Barghash, ambaye sasa alikuwa Sultani, alitembelea London. Salme alimfuata huko kwa matumaini ya kupatana naye. Kabla ya kuonana alifikiwa na Sir Bartle Frere, yule aliyekuwa Unguja miaka miwili nyuma kwa ajili ya mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Frere alimtaka achague: amwone kaka yake, au aache kumsumbua mgeni wa serikali, na kwa badala yake watoto wake wafikiriwe. Mama alichagua watoto. Barghash alipokwisha kuondoka, jibu likaja kwamba yeye ni raia wa Ujerumani, na kwa hiyo serikali ya Uingereza haina la kumfanyia.

Basi akageukia Ujerumani. Mwezi wa Agosti 1885 alifika Unguja pamoja na watoto wake, nyuma ya kundi la manowari za Kijerumani zilizokuja kumlazimisha Barghash akubali mikataba ya Carl Peters ya bara. Salme aliamini kwamba safari hii serikali yenye nguvu inamdai haki yake. Kwa Bismarck alikuwa sababu ya ziada: raia wa Ujerumani mwenye madai, na kama angedhurika, kisingizio tayari. Barghash aliposalimu amri kuhusu bara, madai ya urithi yalisahaulika. Alitembea katika mitaa ya utoto wake, watu wakamsalimu kwa shangwe, lakini kaka yake hakumpokea. Baadaye Barghash alitoa kiasi kidogo cha fedha, na Salme akakikataa, kwa sababu alikuwa akidai haki, hakuwa akiomba sadaka.

Barghash alifariki mwezi wa Machi 1888. Salme alirudi Unguja mwaka huohuo kujaribu kwa Sultani mpya, ndugu mwingine, Khalifa. Hakupata kitu. Hakutaka tena kurudi Ujerumani, akaishi Jaffa, halafu Beirut mpaka mwaka 1914. Katika miaka yake ya mwisho alipewa pensheni ndogo kutoka Unguja. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg katika kaburi la familia ya Ruete, pamoja na kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja kilichokutwa kati ya vitu vyake.

Yanatuhusu nini

Tukijumlisha, Salme hakukosa urithi kwa sababu hakukuwa na mali, wala kwa sababu hakukuwa na sheria. Sheria zilikuwa nyingi, na kila moja ilikuwa halali mahali pake. Unguja alikosa kwa sababu ya dini yake mpya, Hamburg kwa sababu alikuwa mjane, London kwa sababu ya uraia wake. Hata jina lake lilikuwa mawili. Emily Ruete hakujulikana katika mahakama ya kadhi, na Salme binti Said hakujulikana katika ofisi za Hamburg.

Jambo la majina litazame mwanafunzi yeyote wa Kinande. Watoto wetu hupewa majina kwa mpangilio wa kuzaliwa: Kambale, Kasereka, Kakule kwa wavulana, Masika, Kavira kwa wasichana. Mtoto halazimiki kubeba jina la baba. Nyumbani hilo halina shida, kwa kuwa kila mtu anajua nani ni wa nani. Lakini mbele ya ofisi ya Kampala, Kambale fulani anadai chumba cha bidhaa cha Paluku fulani. Majina hayafanani, na akina Kambale ni maelfu. Bila cheti cha kuzaliwa kinachomtaja baba, jina zuri la Kinande linakuwa ukuta.

Nchini mwetu Kanuni ya Familia ni sheria ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Inawaweka watoto kuwa warithi wa kundi la kwanza, nao hupata robo tatu ya mali. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa yumo, ikiwa baba alimtambua kisheria. Robo inayobaki huenda kwa kundi la pili, ambamo wamo mume au mke aliyebaki, wazazi na ndugu wa marehemu. Wosia unaruhusiwa, lakini hauwezi kuwanyang'anya watoto fungu ambalo sheria imewawekea. Unaweza kufanywa mbele ya notere au ofisa wa hali ya kiraia. Unaweza pia kuandikwa na mtu mwenyewe, kwa sharti kwamba wote uwe kwa mkono wake, uwe na tarehe na sahihi. Wosia ulioandikwa kwa kompyuta kisha ukatiwa sahihi tu haukidhi sharti hilo.

Ukivuka Kasindi, hali inabadilika. Uganda inataka wosia uwe na mashahidi wasiopungua wawili wanaotia sahihi. Ardhi na nyumba zilizoko Uganda hufuata sheria ya Uganda, hata kama mwenyewe aliishi na kufia Butembo, na mgeni hawezi kumiliki ardhi huko moja kwa moja, anakodi kwa muda usiozidi miaka 99. Bidhaa na fedha hufuata sheria ya mahali ambapo marehemu alikuwa na makao yake ya kudumu. Kwa hiyo karatasi moja ya mkono, inayotosha Butembo, inaweza kukwama Kampala kwa kukosa mashahidi wawili ambao wangepatikana kwa dakika kumi. Anayeandika wosia wa aina hiyo aweke mashahidi hata kama sheria yetu haiwadai, aorodheshe kila mali na mahali ilipo, na aambatanishe nakala ya sertifika ya parsele na vyeti vya watoto.

Nyumbani kwetu sisi ni watoto 11, wa mama wawili. Papa ana parsele Butembo, ana shamba upande wa Beni ambalo kwa sababu ya vita hakuna aliyelikanyaga kwa miaka kadhaa, na ana bidhaa Kampala kwa ubia na rafiki yake, ubia ambao uko katika vichwa vyao wawili tu. Hajaandika kitu. Yaya wetu mkubwa alipomgusia, papa alijibu kwamba anayeandika wosia anakiita kifo, na kwamba watoto wake wanapendana. Sina shaka kwamba tunapendana. Lakini watoto wa Seyyid Said nao walikuwa wamelelewa pamoja, wakila na kucheza katika ua mmoja. Upendo ulikuwepo mpaka siku ambayo kila mmoja alilazimika kukisia baba alitaka nini. Tena vita vya kwetu vimeondoa ile anasa ya kusema kwamba muda bado upo. Katika eneo la Beni familia nyingi zimempoteza baba na karatasi kwa usiku mmoja, nyumba ikiteketea na kila kilichokuwemo.

Kuna wanaosema kwamba kazi hii ni ya wenzetu wa fakulte ya sheria. Kwa sehemu ni kweli. Lakini mzee anayefikiri kwa Kinande, anayefanya biashara kwa Kiswahili, anaandikiwa wosia kwa Kifaransa, nao utasomwa Kampala kwa Kiingereza. Katika kila daraja la safari hiyo kuna neno linaloweza kupotea. Mzee akisema kwa Kinande kwamba shamba ni la watoto, je, anamaanisha wavulana tu, au wote? Akisema nyumba abaki nayo mama, je, ameitoa iwe yake, au ameruhusu aishi humo mpaka afe? Mwanasheria ataandika alichoelewa. Anayeweza kuuliza swali hilo kabla wino haujakauka ni mtu aliyefundishwa kuchunguza maneno, na huyo ni sisi. Tumeona jinsi tofauti kati ya kodi na fidia ilivyogharimu merikebu za vita na miaka mitano ya ugomvi.

Ndiyo maana ninapendekeza kwa idara zetu jambo moja ambalo halihitaji bajeti kubwa. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho, wakisaidiana na wa sheria, watayarishe mfano wa wosia wa mkono katika Kinande, Kiswahili na Kifaransa, maneno yakilinganishwa mstari kwa mstari: mrithi, fungu, kumiliki, kukaa, kukodi, ubia, deni. Tuupeleke sokoni na parokiani, tuusome kwa sauti mbele ya wazee, na tusikilize watakapotusahihisha. Salme alijifunza kuandika kwa siri juu ya mfupa, na hakuna aliyemuuliza ujuzi huo ungefaa nini. Sisi tunafundishwa kwa uwazi, na wazazi wetu wametulipia masomo hayo.